Kila kitabu cha maendeleo nikikifunga nakiamini: nyinyi wenzangu mnavisomaje?

#1 Msomaji wa Ukonga

Habari za jioni, wanajukwaa. Tangu mwaka uanze nimesoma vitabu vitatu vinavyojibu swali lile lile, yaani kwa nini nchi fulani zimetajirika na nyingine zimebaki nyuma, na kila kimoja nilipokifunga nilikuwa nimekiamini chote. Nilianza na Jared Diamond, kile cha mwaka 1997, "Guns, Germs, and Steel", nikaamini kwamba jambo zima lilikuwa mimea na wanyama waliofugika, na mabara kulala mashariki kwa magharibi au kusimama kaskazini kwa kusini. Nikaja kwa Acemoglu na Robinson wa mwaka 2012, "Why Nations Fail", nikaona jiografia ni kisingizio na kwamba kinachoamua ni taasisi: nani anaruhusiwa kumiliki, kuuza, kushtaki na kumwondoa mtawala. Sasa nimemaliza Walter Rodney wa mwaka 1972, "How Europe Underdeveloped Africa", na wale wawili wa mwanzo nawaona kama watu wanaoeleza moto bila kumtaja aliyewasha kiberiti.

Rodney huyo nilimpata kwa wauza vitabu wa chini pale Posta kwa shilingi 7,000 baada ya kubishana bei. Mwenye kitabu wa kwanza, ambaye simjui, alikuwa akiandika pembeni kwa penseli. Mahali pengine ameandika "Hapa sawa", na mahali pamoja ameandika "SIKUBALI" kwa herufi kubwa na kupiga mistari miwili chini yake. Nilipoona hivyo nilijisikia vibaya, kwa sababu yeye alikuwa anabishana na mwandishi, nami nilikuwa naitikia tu kama msikilizaji wa mahubiri. Swali langu ni hili: mnatumia kipimo gani kujua mwandishi wa vitabu vya aina hii anasema kweli, au amekushinda kwa ufasaha tu?

#2 Jogoo la Mjini

Mkuu, tiba ni rahisi: usisome cha nne. Ukikisoma utahamia chama kingine, na kadi za vyama vitatu ulizonazo zinatosha.

#3 Kalamu Nyeusi

Mleta uzi, hujakosea kumwamini Rodney, umekosea kuwaweka hao wawili kwenye mizani moja naye. Rodney alikuwa Mjamaika aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaandika akiwa hapa, miongoni mwetu, akiyaona maisha yetu. Diamond anatuambia kwa lugha ya kistaarabu kwamba Waafrika hawakuwa na uwezo. Hao wa taasisi walipewa Tuzo ya Nobel kwa kitabu chao kwa sababu kinawafurahisha wakubwa: umaskini wenu ni kosa la viongozi wenu, basi. Ukitaka kuelewa kwa nini jirani ni maskini, humsomi mwizi wake.

#4 Mchumi Asiye na Kazi

Ndugu Kalamu Nyeusi, hoja yako ina uzito, lakini imesimama juu ya mambo matatu yanayohitaji kusahihishwa.

Rodney hakuwa Mjamaika. Alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1942. Jamaika alikwenda kufundisha mwaka 1968, na mwezi Oktoba mwaka huo, alipokuwa akirejea kutoka kwenye mkutano Montreal, serikali ilimzuia kushuka kwenye ndege, jambo lililozua ghasia mjini Kingston. Dar es Salaam alifundisha mara mbili, mwaka 1966 hadi 1967, kisha 1969 hadi 1974. Aliuawa kwa bomu huko huko Georgetown tarehe 13 Juni 1980.

Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2024 haikutolewa kwa kitabu. Ilitolewa kwa tafiti za watu watatu, wa tatu akiwa Simon Johnson, ambaye si mmoja wa waandishi wa kile kitabu cha 2012. Utafiti wao unaojulikana zaidi ni wa mwaka 2001, uliotumia takwimu za vifo vya walowezi kueleza ni wapi wakoloni waliweka taasisi za aina gani, na wapo wachumi, David Albouy akiwa mmoja wao, waliozikosoa takwimu hizo vikali.

Na Diamond anasema kinyume cha unachomsingizia. Kitabu chake kinaanza na swali aliloulizwa na Yali, mwanasiasa wa New Guinea, na nia yake iliyo wazi ni kuyavunja maelezo ya ubaguzi wa rangi. Unaweza kumkosoa kwa mengine, mimi mwenyewe namkosoa, lakini si kwa hilo.

#5 Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka 31, na nitakujibu, mwanangu Msomaji, kwa njia niliyowafundisha wanafunzi wangu. Kitabu cha aina hiyo usikianze ukurasa wa kwanza. Kigeuze, fungua faharasa iliyo nyuma, tafuta mahali au jambo unalolijua kwa macho yako, kisha nenda ukasome kurasa hizo tu. Mwandishi akikosea palipo nyumbani kwako, jiulize amekosea mangapi kule usikokujua. Akipatia, na hasa akikuonyesha jambo ulilolipita kila siku bila kuliona, mpe nafasi ya kukuambia habari za Peru na Uchina.

Mfano wangu ni James Scott, aliyeandika mwaka 1998 kuhusu mipango mikubwa ya dola inayoharibika. Humo mna sura nzima ya vijiji vyetu vya ujamaa. Mimi mwaka 1975 nilipangiwa kufundisha katika kijiji kipya, mwendo wa siku nzima kwa lori kutoka Dodoma mjini. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mstari kufuata barabara, kama madawati darasani, na mashamba yalikuwa mbali kiasi kwamba kina mama walitoka usiku wa manane wakati wa kuamia ndege. Hayo Scott ameyaona vizuri kuliko maofisa wengi wa wakati ule, kwamba kijiji kilipangwa ili kipendeze kwa mkaguzi anayepita na gari. Lakini katika kijiji kile kile niliandikisha darasa la kwanza watoto ambao ndugu zao wakubwa hawakuwahi kuona ubao, kwa kuwa Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Hilo halina uzito wa kutosha katika sura yake. Kwa hiyo pembeni niliandika, nami kwa penseli: "Kweli, ila nusu."

#6 Msomaji wa Ukonga

Ahsante, Mwalimu. Kumbe faharasa ina kazi nyingine zaidi ya kuongeza kurasa.

#7 Binti Kibosho

Naiheshimu njia ya Mwalimu, ila ina tundu. Mwandishi anaweza asikutaje kabisa na bado akaeleza maisha yako kuliko anayekutaja kwa sura nzima. Sisi kwetu ni kahawa, na nimejaribu vitabu viwili kati ya vile vya mleta uzi kwenye mche mmoja.

Chukueni kwanza hao wa taasisi. Kilimanjaro na nyanda za juu za Kenya zina udongo unaofanana, mvua inayofanana na Mwingereza yule yule baada ya 1919. Lakini Wachaga walikuwa na chama cha wakulima wa kahawa tangu 1925, kikageuka kuwa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, wakati ambapo upande wa pili wa mpaka Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa kwa sababu walowezi hawakutaka. Jiografia haitofautishi hapo, sheria ndiyo inayotofautisha. Shule za kwetu na nyumba za bati zilitoka kwenye kahawa ile.

Halafu twende mbele. Mwaka 1989, mwezi Julai, mfumo wa mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka duniani. Baba alikuwa na chama chake, hati yake, mizani yake na uzoefu wa miaka. Hakuna taasisi ya Kibosho iliyobadilika wiki ile. Iliyobadilika ni bei, na haikupangwa Moshi. Baba alivumilia misimu kadhaa, kisha akaanza kung'oa mche mmoja mmoja akipanda migomba na nyanya, na kila alipong'oa alimwambia mama kwamba ule ulikuwa mzee, ungekufa wenyewe. Hapo mwenye maneno ni Rodney.

Kwa hiyo mimi siulizi nani ana haki. Nauliza mwaka gani.

#8 Nyayo za Nakuru

Dada Binti Kibosho, umenena, na naongeza ya upande wetu. Babu yangu mzaa mama alikuwa Nyeri, na kahawa alianza kuilima kwa ruhusa katika miaka ya hamsini, baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, ule wa serikali ya kikoloni kuhusu kilimo cha Waafrika. Ila msikilize vile ruhusa ilivyokuja. Hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, watu wamefungiwa kambini, na ardhi ikapimwa na kuunganishwa wakati wengi wa wenyewe hawapo. Hati miliki ambayo vitabu vya taasisi huisifu, kwetu ilitolewa kijiji kikiwa kimezungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Wapo waliorudi kutoka kizuizini wakakuta mpaka umehama. Sasa hiyo taasisi ni njema ama ni mbaya? Vitabu vyenyewe nilivyosoma huitenga njema kushoto na mbaya kulia, na hati ya babu haikai upande wowote.

Hivyo vitabu mimi huvitoa Nairobi kwa wale wauzaji wa inama. Unainama, unachagua, unalipa, mgongo unauma.

#9 Kalamu Nyeusi

Kwanza nakubali masahihisho ya Mchumi, Guyana na si Jamaika. Pili, ninyi wawili wa kahawa mmenisaidia bila kukusudia. Nani aliyeandika sheria ya kumzuia Mwafrika asipande kahawa? Nani aliyejenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani 1901, ikipita tupu katikati ya watu ili ifike kwenye mali? Mnaposema "taasisi", mnautaja ukoloni baada ya kuogeshwa na kuvikwa suti. Neno "taasisi" halina mtu ndani yake. Ndiyo maana linapendwa.

#10 Mbwinji

Mimi si mchangiaji sana, ila uzi huu umenigusa, na kwa kuwa Mwalimu ametaka tupime vitabu kwa mahali tunapopajua, naleta mahali pangu.

Nimezaliwa Nachingwea. Kengele ya shule yetu ya msingi ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe kwa waya, na kiranja alikigonga kwa nati kubwa ya chuma. Sauti yake ilifika hadi mtoni. Nilikuwa darasa la tano nilipouliza reli yenyewe iko wapi, kwa sababu Nachingwea haina treni, nikaambiwa iling'olewa. Nilidhani ni utani. Baadaye babu akaniambia kwamba kweli treni ilikuwepo, na kwamba yeye alikuwa kibarua katika mradi uliosababisha ijengwe, mradi wa karanga.

Kwa wasioujua: baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwa mashine, katika sehemu tatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango wa mwanzo ulikuwa mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yakiwa Tanganyika na machache Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Jumla ni zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza 1947 na ikafutwa Januari 1951, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Bandari ya Mtwara, iliyokusudiwa kusafirisha karanga, ilifunguliwa 1954, karanga zikiwa zimekwisha kuwa hadithi, na reli ikang'olewa mapema miaka ya sitini.

Babu alikuwa akisimulia jinsi miti ilivyoangushwa: matrekta mawili makubwa yalikwenda sambamba yakiburuta katikati yao mnyororo wa nanga ya meli. Alikuwa akisema aliujua mnyororo wa nanga kabla hajaiona meli. Kwa mshahara ule alinunua baiskeli, na hakuwahi kuusema mradi vibaya. Alichoshangaa, hadi anafariki, ni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza yeye wala wazee wake mvua huanza lini.

Sasa nawauliza wasomi wa vitabu vyote vitatu: kengele ya shule yangu inaelezwa na kitabu gani?

#11 Nyayo za Nakuru

Ndugu Mbwinji, hadithi ni tamu mno. Swali dogo kabla ya yale makubwa: karanga ama njugu? Maana huku kwetu hizo ni njugu.

#12 Jogoo la Mjini

Mkuu wa Nakuru, huku njugu ni kitu kingine, ile ngumu ya mviringo inayopikwa saa tatu. Mwingereza angepanda hiyo pengine angepata kitu. Turudi kwenye mada kabla Mwalimu hajachukua fimbo.

#13 Mchumi Asiye na Kazi

Mbwinji ameleta kipimo kigumu, na nitajaribu kuanza na Rodney kwa sababu ndiye anayeonekana kushinda mapema.

Uingereza ya 1946 ilikuwa na mgawo wa chakula, haina mafuta ya kupikia ya kutosha wala dola za kuyanunua. Wazo la karanga lilitolewa na Frank Samuel wa Kampuni ya Umoja wa Afrika, kampuni tanzu ya Unilever, na ni kampuni hiyo hiyo iliyoanza kazi kwa niaba ya serikali kabla ya shirika la umma kuipokea mwaka 1948. Rodney, katika sura ya tano, anaitumia Unilever hiyo hiyo kama mfano wa kampuni iliyonenepa kwa jasho la Afrika. Kwa hiyo nia inaeleweka bila darubini: mafuta ya kikaango cha Mwingereza yatoke Kongwa.

Tatizo langu linaanza kwenye hesabu. Pauni milioni 36 zilitoka kwa mlipakodi wa Uingereza, na karanga zilizovunwa hazikulipa hata sehemu ndogo yake. Nadharia ya unyonyaji inaeleza vizuri sana kwa nini walikuja, lakini haielezi vizuri kwa nini walishindwa, na kushindwa ndiko kulikoiacha Nachingwea na kengele badala ya treni.

#14 Mwalimu Mstaafu

Kushindwa huko Scott anakueleza, na mradi wa karanga ameutaja katika sura ile ile ya vijiji vyetu, akiuweka kama mtangulizi. Ujumbe uliokuja kukagua mwaka 1946, ukiongozwa na Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa, ulizunguka kwa wiki chache tu ukatoa mpango wa mamilioni ya ekari. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Visiki na mibuyu vikavunja vyuma. Wagogo waliokuwa wakiishi Kongwa kwa ng'ombe, mtama na uwele walijua kwamba mvua ya pale haitegemewi, na ujuzi huo haukuwa na dirisha la kuingilia ofisini.

Ndugu Kalamu Nyeusi, hapa ndipo ninapotaka tusiwe na haraka. Kosa hilo hilo la kupanga kwa rula bila kumuuliza mkulima tulilirudia wenyewe baada ya uhuru, na tulikuwa na bendera yetu. Mimi nilikuwepo. Kama kosa linahama kutoka kwa mkoloni hadi kwetu bila kubadilika sura, basi maelezo yake hayawezi kuwa ukoloni peke yake.

#15 Kalamu Nyeusi

Shikamoo, Mwalimu. Nakujibu kwa heshima. Rula hiyo tulirithi kwa nani? Ofisi zile zile, mafaili yale yale, mabwana shamba waliofundishwa vyuo vile vile. Rodney hakusema ukoloni uliondoka na kijiti chake.

Na hesabu ya Mchumi ni ya upande mmoja wa daftari. Anahesabu pauni za London, hahesabu ekari zilizoachwa bila miti wala siku za watu walioacha mashamba yao kwenda kung'oa visiki. Mwaka 1947, mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam uliposambaa kufuata reli ya kati, wafanyakazi wa Kongwa nao waligoma. Mtu hagomi mahali anapofaidika.

#16 Bwana Udongo

Nimekuwa msomaji wa pembeni, ila mmeingia kwenye fani yangu. Naomba nimtetee kidogo Diamond, ambaye tangu chapisho la nne hana wakili.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao ukilimwa na mvua ikakatika hukauka ukawa kama tofali. Karanga ni zao linalozaa ndani ya ardhi. Kwa hiyo hata ile iliyoota na kuzaa ilikuwa vigumu kuifukua. Mashine haina ubishi na udongo wa namna hiyo. Hiyo ni jiografia, na haikujali nani ana bendera gani.

Lakini nikisema hivyo najikuta nimejifunga mwenyewe, kwa sababu Nachingwea si Kongwa. Kusini mvua ni nzuri zaidi, na kikwazo kikubwa kilikuwa msitu mzito na kukosekana kwa barabara, reli na bandari, vitu vilivyolazimika kujengwa wakati huo huo wa kulima. Urambo nako kukaishia kuwa nchi ya tumbaku, na inastawi. Mradi mmoja, amri moja, lakini nikipewa jembe nitakueleza sababu moja Kongwa na nyingine Nachingwea. Mtu anayetaka kitabu kimoja kiyabebe maeneo yote matatu anataka gunia moja la mchele, mkaa na mayai.

#17 Mchumi Asiye na Kazi

Bwana Udongo, kubali basi kwamba hiyo ni hoja ya taasisi kwa mlango wa nyuma. Bunge la London liliulizwa maswali kwa sababu pesa zilikuwa za wapiga kura wa London, na ndiyo maana mradi ulifutwa baada ya miaka minne badala ya ishirini. Mgogo na Mmwera hawakuwa na mbunge wa kuuliza swali. Udongo ulijulikana, aliyeujua hakuwa na sauti.

#18 Bwana Udongo

Sikubali, kama alivyosema mwenye penseli. Mtu mwenye sauti naye huweza kukosea udongo. Nimeona mashamba ya wenye sauti.

#19 Binti Kibosho

Naomba niwatoe kidogo njiani, lakini si mbali. Likizo iliyopita nilikuwa namsomea baba kitabu cha Rodney jioni, nikigeuza kwa Kiswahili papo kwa papo, na nilikwama kwenye neno lile lile linalokibeba kitabu kizima, "underdevelopment". Mara ya kwanza nikasema "kutokuendelea". Baba akatikisa kichwa, akaniambia, hilo ni neno la mtu aliyekaa tu, hakwenda. Nikajaribu "kudumaa". Akauliza, kama mtoto asiyekua? Nikasema ndiyo. Akasema mtoto hudumaa kwa sababu nyingi, njaa, maradhi, au kurithi. Nikasema basi "kudumazwa". Akanyamaza kidogo, akaniambia: sasa umemleta mtu.

Tangu siku hiyo naona kwamba mabishano yote ya uzi huu yamo katika silabi moja.

#20 Kalamu Nyeusi

Dada, mpe mzee mkono wangu. Hiyo "-zwa" ndiyo hoja nzima ya Rodney, na hao wengine wanaandika vitabu vya kurasa mia tano ili kuiondoa.

#21 Mwalimu Mstaafu

Kwa faida ya walioko shuleni: dumaa, dumaza, dumazwa. Kauli ya kutendesha, kisha kutendwa. Lakini, Kalamu, angalia jambo moja. Kauli ya kutendwa inakuruhusu kuacha kumtaja mtenda. "Amedumazwa" ni sentensi kamili hata bila "na". Mjadala wenu na Mchumi unaanzia kwenye hilo "na" na kinachofuata.

Na kwa kuwa tuko kwenye kuwajibika, katika utangulizi Rodney aliwashukuru wenzake wa Dar es Salaam, Karim Hirji na Henry Mapolu, kwa kuusoma mswada, kisha akakataa ile desturi ya waandishi kusema kwamba makosa yote ni yao peke yao. Kwake wajibu wa kazi kama ile ni wa pamoja. Nilipokuwa nasahihisha mitihani, wanafunzi kadhaa walijaribu kunitumia hoja hiyo.

#22 Jogoo la Mjini

Mwalimu, alama walipewa za pamoja?

#23 Mbwinji

Nawashukuru wote. Nimepata majibu manne kwa kengele moja, na nimegundua kwamba babu alikuwa akiyagusa yote bila kuyapa majina. Nia ya Mwingereza aliijua, udongo aliujua, kutoulizwa ndiko kulikomuuma, na baiskeli aliipenda. Niongeze tu kwamba kusini leo ni korosho, zao ambalo halikuhitaji mnyororo wa nanga wala ujumbe kutoka London ili lienee kwenye mashamba ya wakulima wadogo. Kwenye vitabu mnavyovitaja sijakuta sura ya korosho, na anayeijua anitajie.

#24 Nyayo za Nakuru

Mleta uzi, umepotea. Umeuliza tunasoma vipi, nasi tumesomeana hadi usiku. Mimi langu la mwisho ni kwamba sasa nasoma viwili kwa wakati mmoja, sura hapa, sura pale, ili nisilale na mmoja. Pia ningependa kujua: huyo mwenye penseli alikataa nini hasa?

#25 Msomaji wa Ukonga

Sijapotea, nilikuwa nasoma na kuandika pembeni, kwa mara ya kwanza. Faharasa ya Mwalimu nimeijaribu, na swali la Binti Kibosho la "mwaka gani" nimeliandika ndani ya jalada la vyote vitatu.

Kuhusu penseli, nimekwenda kuangalia tena, na nakiri kwamba mara ya kwanza niliona neno nikafurahi bila kusoma lilikuwa limekaa kando ya nini. Lipo katika sura ya kwanza. Rodney amekwisha kuwataja wanaohusika na kudumazwa kwa Afrika, mfumo wenyewe na wanaouendesha, halafu anaongeza kwamba maneno hayo hayakusudii kuwaondolea Waafrika wenyewe wajibu wa mwisho wa maendeleo yao. Lile "SIKUBALI" na mistari yake miwili viko pembeni hapo. Yaani msomaji yule alikubaliana na Rodney kuhusu Ulaya yote, mambo ya reli, makampuni na bei, na mahali pekee alipomkatalia ni pale alipotutaja sisi.

#26 Jogoo la Mjini

Kalamu Nyeusi, sema ukweli mbele ya jukwaa. Kitabu ulikiuza lini?

#27 Kalamu Nyeusi

Ndugu yangu, jina langu umelisoma. Mimi penseli situmii.